Motokaa ya Kuazima

Msomaji kijana, hapana shaka umewahi kuketi karibu na mzee anayesimulia mambo ya ujana wake. Ulisikia kwamba mvua za zamani zilijua majira yake, kwamba maembe yalikuwa na utamu usiopatikana leo, kwamba walimu walikuwa wakali lakini ukali wao ulikuwa na faida, na kwamba hata njaa ya siku zile ilikuwa njaa yenye heshima. Kwa kuwa una adabu, ulinyamaza. Lakini moyoni ulijiuliza: ikiwa siku hizo zilikuwa njema kiasi hicho, mbona wazee wetu walifanya juhudi kubwa hivyo kuzikimbia?

Swali hilo si utovu wa adabu. Ni swali la haki, nami nataka tulipime pamoja katika kurasa hizi. Ila sitaanza na wazee wetu. Mambo ya nyumbani yana moshi, na mwenye kukaa jikoni hutokwa na machozi kabla hajaona kilichomo chunguni. Twende kwanza mbali, Ulaya ya Mashariki, tukaitazame motokaa moja ndogo, kisha tutarudi.

Katika nchi ya Poland palikuwa na motokaa iliyoitwa Polski Fiat 126p. Hilo lilikuwa jina la hati. Watu wenyewe waliiita Maluch, maana yake Mdogo, kama mama amwitavyo kitinda mimba wake. Na jina hilo la mapenzi lilishinda jina la hati hata mwaka 1997 kiwanda chenyewe kikalikubali. Ilistahili kuitwa hivyo. Urefu wake ulikuwa mita tatu na kidogo. Injini ilikaa nyuma, ina mitungi miwili tu, ikipozwa kwa upepo badala ya maji, na nguvu zake hapo mwanzo zilikuwa za farasi 23. Kuiwasha, dereva alivuta wenzo mdogo uliokaa chini baina ya viti vya mbele. Siku za joto wenye motokaa hizo waliacha kifuniko cha injini wazi kidogo, wamekitegemeza kwa kijiti, ili injini ipate kupumua. Katika chombo hicho waliingia baba, mama na watoto wawili. Juu ya paa wakafunga hema, masanduku na sufuria, wakashika njia ya kwenda Bulgaria, kwenye fukwe za Bahari Nyeusi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Ya kwanza iliunganishwa mjini Bielsko-Biała tarehe 6 Juni 1973, na ya mwisho ilitoka tarehe 22 Septemba 2000. Baina ya siku hizo mbili Poland iliunda zaidi ya 3,300,000. Leo watu huipenda kupita kiasi. Wenye nazo huziosha, huzipaka rangi upya, hukutana viwanjani kuzitazama, na vijana waliozaliwa baada ya mambo hayo kwisha huzitafuta kama watu watafutao vito. Mwigizaji wa Marekani, Tom Hanks, alipokuwa Budapest alijipiga picha kando ya motokaa ya aina hiyo aliyoikuta njiani, akaieneza picha kwa mzaha. Watu wa Bielsko-Biała hawakuudhika. Walichanga fedha, wakamnunulia moja, wakamfikishia mwaka 2017, na mchango wao ukasaidia pia hospitali ya watoto ya mji huo.

Ni jambo la ajabu kidogo. Motokaa yenye kelele, yenye nafasi finyu, iliyozimika mara kwa mara, yapewa mapenzi ambayo motokaa bora za leo haziyapati. Wahenga walituambia kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hapa twaona kinyume chake: kikuukuu ndicho kinyemi, na kidonda kimo vilevile.

Kabla ya kukitafuta kidonda, yafaa uijue asili ya motokaa hii, kwani ina fumbo la pili ndani ya fumbo la kwanza. Haikubuniwa na Wapoli. Ilibuniwa Italia na kampuni ya Fiat ya mji wa Turin, na Wapoli waliiunda kwa idhini. Maana ya idhini ni kama hivi: mwenye kiwanda huuza, si motokaa, bali haki ya kuunda motokaa yake. Mnunuzi hupewa michoro, huuziwa mitambo, hufundishiwa mafundi, na kwa hayo yote hulipa kwa muda uliopatanwa. Mkataba wa Maluch ulitiwa sahihi mwezi wa Oktoba 1971, na sehemu ya deni ililipwa kwa kupeleka Italia vyombo vya motokaa vilivyoundwa Poland.

Fumbo lenyewe ni hili. Serikali za nchi hizo zilikuwa za Ukomunisti. Shuleni na magazetini zilifundisha kwamba ubepari umekwisha kulikaribia kaburi lake. Lakini zilipotaka motokaa ya mtu wa kawaida, zilikwenda kubisha hodi mlangoni pa bepari. Yugoslavia ilitangulia: tangu mwaka 1955 kiwanda cha Zastava mjini Kragujevac, ambacho zamani kilifua mizinga, kiliunda Fiat ndogo ambayo watu waliipa jina la Fića, mtu wa vibonzo vya gazetini. Romania ilikwenda kwa Wafaransa. Dacia 1300, iliyoanza kuundwa Agosti 1969, ilikuwa Renault 12 iliyovishwa jina la kale la nchi hiyo. Mwaka mmoja kabla yake kiwanda hicho kiliunda Dacia 1100, na ile ya kwanza kabisa alipewa mtawala mwenyewe, Nicolae Ceaușescu. Sijapata kusikia habari za nchi ambayo motokaa ya kwanza ilipewa mtu aliyechoka kutembea.

Biashara iliyokuwa kubwa kuliko zote ni ile ya Muungano wa Kisovieti. Tarehe 15 Agosti 1966 wakuu wa Fiat walitia sahihi mkataba mjini Moscow. Kiwanda kikajengwa kando ya mto Volga, katika mji uliopewa jina la Tolyatti kwa heshima ya Palmiro Togliatti, kiongozi wa Wakomunisti wa Italia aliyefariki mwaka 1964. Mji huo ulikuwa na msiba wake wa zamani, maana mji wa kale wa mahali hapo ulifunikwa na maji ya bwawa la umeme katika miaka ya 1950, na wakazi wakahamishiwa juu. Motokaa za kwanza zilitoka tarehe 19 Aprili 1970. Zilifuata mfano wa Fiat 124, ambayo huko kwao ilichaguliwa kuwa motokaa bora ya Ulaya ya mwaka 1967. Lakini bibi arusi huyu wa Turin alipojaribiwa katika barabara za Urusi, mwili wake ulipasuka. Wahandisi wa pande mbili wakaketi, wakabadilisha mambo zaidi ya 800. Bati likawa nene zaidi. Tumbo likainuliwa mbali na ardhi. Breki za nyuma zikawa za ngoma, kwani zile za sahani ziliharibiwa na matope na mchanga. Injini ikapangwa upya, tena pakaachwa tundu la kutilia hendeli, ili dereva apate kuizungusha kwa mkono asubuhi ambayo betri imeshindwa na baridi. Warusi waliipa jina la Kopeyka, yaani senti moja, kwa kuwa jina lake la kiwandani liliishia na tarakimu 01. Nchi za nje ziliujua ukoo wake kwa jina la Lada. Ukoo huo uliendelea kuundwa hata mwaka 2012.

Wengine husema nguo ya kuazima haisitiri, na kwa hiyo mtu asione fahari kwa motokaa ambayo michoro yake imetoka kwa jirani. Mimi siafikiani nao. Nguo ya kuazima haisitiri ikiwa utaivaa kama ulivyopewa; lakini ukiipima, ukaishona upya mahali palipobana, ukatia kiraka palipochanika, ukaifua miaka thelathini, ni nani atakayekuja kudai uivue? Mambo yale 800 yalikuwa sindano na uzi. Tena Italia ilipokoma kuunda Fiat 126 nyumbani kwake, Waitalia waliotaka motokaa hiyo waliuziwa zilizotoka Poland. Aliyeazima akawa mwenye duka. Na sisi tusiwacheke waazimaji. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde motokaa ya Kenya, na mafundi wetu wakaunda mifano ya Nyayo Pioneer kwa akili yao wenyewe, bila kuazima michoro ya mtu. Ilitembea, ikashangiliwa, lakini haikufika sokoni. Kubuni ni heshima. Kuunda milioni tatu ni kazi nyingine, na kazi hiyo pia ina heshima yake.

Sasa tukitafute kidonda.

Ile senti moja ya Warusi haikuwa senti. Bei yake ilikuwa rubeli 5,500, katika nchi ambamo mshahara wa kawaida ulikuwa kama rubeli 120 kwa mwezi. Mtu asiyekula, asiyevaa, asiyelipa kodi ya nyumba, angehitaji karibu miaka minne. Na aliyekwisha kuipata hakulala vizuri: madereva walikuwa na desturi ya kuvua vifuta-mvua vya kioo kila waliposimama na kuingia navyo ndani, maana vikiibwa dukani havikupatikana. Huko Romania katika miaka ya 1980 petroli iliadimika hata ikaamriwa kwamba Jumapili moja zitembee motokaa za namba shufwa, na Jumapili ya pili zile za namba witiri.

Poland yenyewe, Maluch iliuzwa kwa zloti 69,000 ilipoanza, na njia ya kuipata ilikuwa kulipa kidogo kidogo benki kabla hujaiona, kisha kungoja zamu yako miaka. Aliyekuwa na jamaa serikalini au chamani aliweza kupewa kibali maalumu, akaruka foleni. Kwa sababu hiyo likatokea jambo ambalo mwanafunzi wa uchumi atalifurahia: katika soko la watu, motokaa iliyotumika iliuzwa kwa bei kubwa kuliko mpya, kwani mwenye kuinunua aliondoka nayo siku ileile. Watu walinunua muda, si bati.

Tena kuna wale wa mwaka 1981. Watu wengi walianza kulipa mwaka huo, wakalipa bila kukosa, wakangoja. Motokaa hazikuja. Mwisho serikali iliyowaahidi ikaanguka, fedha ya nchi ikapungua thamani hata akiba zao zikawa si kitu, na mwaka 1996 ikabidi bunge la nchi iliyokwisha kuwa huru litunge sheria ya kuwafidia. Fikiri, msomaji. Mtu alipeleka jasho lake benki kila mwezi kwa ajili ya motokaa yenye nguvu za farasi wachache, naye akazeeka akitembea kwa miguu.

Na nyuma yake kuna jambo zito zaidi. Desemba 1970 serikali ya Poland ilipandisha bei ya chakula. Wafanyakazi wa viwanda vya meli pwani ya Baltiki wakatoka barabarani, na askari wakawapiga risasi. Huko Gdynia walipigwa asubuhi walipokuwa wakienda kazini. Katika miji hiyo ya pwani walikufa zaidi ya watu 40. Mtawala akaondolewa, akaja Edward Gierek, na ahadi zake zikawa za mambo ya nyumbani: nyumba, nyama, na motokaa ndogo ya jamaa. Fedha za ahadi hizo zilikopwa nchi za Magharibi, hata mwaka 1980 ulipofika deni lilikuwa limepita dola bilioni 20. Desemba 1981 vifaru viliingia mitaani, na wanaodai haki wakatiwa kizuizini. Basi Mdogo yule apendwaye leo alizaliwa karibu na makaburi, akalelewa kwa deni, akakulia katika amri ya kijeshi.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa kali. Je, mtu aipendaye motokaa hiyo amesamehe yote hayo? Na kama hajasamehe, apenda nini?

Wako wasemao kwamba mapenzi hayo ni aibu. Husema: usikisifu kikombe ulichonyweshewa sumu. Nawaheshimu wasemao hivyo, hasa wakiwa ni wale waliokunywa. Lakini nadhani wamekosea mahali pamoja. Mwenye Maluch hakupewa Maluch iliyo tayari. Alipewa chuma kinachozimika, naye akakifanya motokaa. Duka halikuwa na vipuri. Akajifunza kufungua kabureta mezani pa kulia chakula, akabadilishana na jirani, huyu ana plagi, yule ana mkanda. Alimjua fundi kwa jina na watoto wa fundi kwa majina yao. Siku ya kwanza kuiona bahari, aliiona kupitia kioo kile. Mtu huyo akisema aipenda motokaa yake, aghalabu hasemi habari za serikali. Asema habari za mikono yake, na za watoto wake walipokuwa wadogo, na za mgongo wake ulipokuwa hauumi. Kumwambia mtu asiyapende hayo ni kumwambia asiwe amepata kuishi.

Lakini mapenzi haya ni mtumbwi mwepesi, na mkondo wa maji una nguvu. Leo mtu aisifu motokaa. Kesho ausifu ustadi wa kuitengeneza, na bado yu katika haki. Kesho kutwa asema kwamba ustadi huo uliletwa na shida, kwa hiyo shida ilikuwa mwalimu mzuri. Mtondo asema kwamba vijana wa leo wameharibika kwa kuwa hawana shida, na kwamba yule aliyewaletea shida alikuwa baba mkali lakini mwema. Akifika hapo, amekwisha kusahau Gdynia, na wala hakuona siku aliyosahau. Mtu aliyejifunza kuogelea siku mtumbwi ulipopinduka ana haki ya kuona fahari kwamba aliogelea. Hana deni la shukrani kwa aliyeupindua mtumbwi, na zaidi ya hayo hana ruhusa ya kuwasemea wale waliozama.

Wahenga wana methali moja isiyosemwa mbele ya wageni, nanyi mniwie radhi nikiitaja: mavi ya kale hayanuki. Hutumiwa kufundisha kusamehe, na kwa kazi hiyo ni methali njema. Lakini hebu itazame upande wake wa pili. Yasiponuka, mtu huyakanyaga. Muda huondoa harufu, hauondoi uchafu. Ndiyo sababu kumbukumbu yetu peke yake si shahidi wa kutosha, hata ikiwa ya mtu mkweli. Ubaridi wa foleni hausikiki tena mwilini baada ya miaka arobaini, bali rangi ya motokaa siku ilipowadia ingali machoni.

Vijana je, wale wasiokuwapo? Wao hawakusahau, kwani hawakuwa na la kusahau. Waipenda Maluch kama watu wapendavyo kinyago: umbo lake lachekesha, sauti yake ni ya zamani, na kuipanda Jumapili huku motokaa nyingine imengoja nyumbani hakumgharimu mtu usingizi. Siwahukumu. Waliochanga fedha kwa ajili ya mgeni na hospitali wamefanya jambo zuri kwa kitu ambacho zamani kiligawiwa kwa upendeleo. Ningependa tu kila anayeinunua asimuliwe, pamoja na habari za injini na rangi, habari za yule aliyelipa tangu 1981. Picha ya zamani huwa na watu wanaotabasamu kando ya motokaa. Aitazamaye na aulize ni nani aliyeachwa nje ya picha, na kwa nini.

Nimeahidi kwamba tutarudi nyumbani.

Baba yangu alikuwa na pikapu. Aina yake haidhuru. Ilikuwa kuukuu siku ile aliyoinunua, nayo haikupata kuwa nzima hata siku moja katika maisha yake pamoja nasi. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Kiti cha dereva kilitolewa katika gari jingine, na kilikuwa cha juu mno, hivyo baba aliendesha shingo ameiinamisha kama mtu apitaye chini ya mwembe. Alijua kila mlio wake. Akiisimulia mbele ya wajukuu, sauti yake hubadilika, ikawa ya kijana.

Hadithi aipendayo kuliko zote ni ya usiku mmoja wa masika. Pikapu ilikataa kuwaka. Mvua ilikuwa ikinyesha. Baba akafungua boneti, akaishika tochi kwa meno, akatafuta ugonjwa mpaka akaupata: pampu ya petroli imechanika ndani. Kipuri hakikupatikana karibu, na usiku ule hata kingekuwako kisingefikiwa. Akavua kiatu chake, akakata kipande cha ngozi, akakichonga kwa wembe, akakitia mafuta, akakifunga mahali pa kile kilichochanika. Kabla ya alfajiri injini ikanguruma. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni, na kila mara nilimwona baba kama shujaa, nami sasa pia nasema kwamba kazi ile ilikuwa ya fundi hodari.

Mama hakuwa na neno juu ya pikapu hiyo. Ikitajwa, alikuwa na chungu cha kutazama au kuni za kuingiza ndani. Kwa miaka mingi nilidhani ni kwa sababu wanawake hawajali motokaa, nawe waweza kuupima upumbavu wangu kwa dhana hiyo. Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, nimerudi likizo, ndipo nikamwuliza. Akaniuliza na yeye kama baba amepata kunieleza sababu ya kutaka pikapu iwake saa sita za usiku katika mvua. Nikatambua kwamba sikupata kuuliza.

Sababu ilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka mitatu, homa imenipanda hata nikaanza kutetemeka na macho kugeuka. Mama alingoja saa moja kando ya boneti, akimshikia baba mwavuli. Kisha hakungoja tena. Alinifunga mgongoni kwa kanga mbili, akatembea katika matope mpaka kwenye zahanati, akafika mapambazuko, miguu yake imekatwa na mawe. Niliposhushwa sikuwa nikilia, na hilo ndilo lililomtisha kuliko kilio. Baba alitukuta huko jua likichomoza, pikapu yanguruma, na uso wake umejaa furaha ya mtu aliyeshinda. Mama aliniambia kwamba hakumchukia kwa furaha ile. Aliniambia tu kwamba aliiona, na kwamba tangu siku hiyo hajaweza kuipenda sauti ya injini hiyo.

Baba hakusema uongo hata siku moja. Ngozi ya kiatu ilikuwako, na mvua ilikuwako. Katika hadithi yake mimi na mama hatumo, basi.

Desemba iliyopita tulikuwa tumekusanyika sote, na baba akaanza tena, wajukuu wamemzunguka, wadogo wakicheka kabla ya mahali pa kuchekea kufika, kwa kuwa wamekwisha kukariri. Alipofika kwenye wembe na kiatu, nilimwomba radhi kwa kumkatiza, nikamgeukia mama, nikamwomba atueleze yeye alikuwa wapi wakati huo. Baba alinitazama, kisha akamtazama mama, akanyamaza. Mama akauweka chini ungo wa mchele, akajifuta mikono, akaanza.